Risasi za baharini ndani ya Ziwa Nyasa: kisa cha mzamiaji aliyezidiwa uzito Matema

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Matema, wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Majina, mwaka na kazi za wahusika nimeviondoa. Mimi ndiye niliyeongoza uzamiaji wenyewe, na mzamiaji aliyepata tatizo amesoma maelezo haya akakubali yatoke.

Nimekiandika kwa ajili ya wenzetu waliojifunza kuzamia Pwani au Visiwani, kisha wakaja kuzamia maziwa ya bara na vifaa vilevile walivyovizoea. Suala ni jaketi la kuelea, yaani vazi linalojazwa na kutolewa hewa, na risasi za kuzamishia, yaani vipande vya madini ya risasi vinavyomshusha mzamiaji: namna vinavyopangwa, na namna hesabu iliyokuwa sahihi Unguja inavyoweza kumhatarisha mtu Matema.

## Watu, ziwa na kazi yenyewe

Tulikuwa wazamiaji watatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni dada mmoja mwenye uzoefu wa ziwa, makini na mwepesi wa kuona tatizo kabla halijakua. Wa tatu nitamwita Kaka, kwa sababu ndivyo nilivyomwita muda wote; amenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi, na alikuwa amezamia baharini mara arobaini na kitu. Boti lilikuwa la mzee mmoja mvuvi wa palepale, aliyekuja na mjukuu wake.

Kazi ilikuwa kuondoa wavu uliopotea. Ukitoka Matema kuelekea Ikombe, kule wanakotoka vyungu vya Wakisi, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, na chini ya maji mteremko unaendelea kwa mawe makubwa. Wavu wa kutega ulikuwa umenasa kwenye mawe hayo, kina cha mita 8 hadi 14, na ulikuwa bado unaua samaki. Kazi ya namna hii inamtaka mzamiaji atumie mikono miwili huku mwili umetulia, asikanyage jiwe, asipande wala asizame. Asiyeweza kutulia karibu na wavu atanaswa na wavu. Kwa hiyo suala la kuelea ndilo lililokuwa roho ya kazi yetu.

Mambo mawili ya ziwa lenyewe yanahitaji kusemwa mapema. Maji yake hayana chumvi. Na uso wake uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, jambo linalobadilisha hesabu za kina na za kupanda, ndiyo maana kompyuta zetu za kuzamia, zinazovaliwa mkononi, tuliziangalia kwanza kama zimetambua mwinuko huo. Mamba na kichocho tuliviulizia kwa wenyeji kabla ya kuchagua pa kuingilia. Hilo halikuleta shida na sitalirudia.

Vifaa vya Kaka vilikuwa hivi: jaketi la kuelea jipya alilonunua kwa mtu, saizi kubwa kuliko mwili wake, suti ya kuzamia ya milimita 5 ya kuazima, mtungi wa chuma wa lita 12 wa kukodi, na mkanda wenye vipande vitano vya risasi, kila kimoja kikihesabiwa kuwa kilo 2. Vipande hivyo vilimiminwa na fundi mmoja Mbeya mjini. Baharini alikuwa amezoea suti ya milimita 3, mtungi wa alumini na kilo 8.

## Siku ya kwanza

Tuliondoka Mbeya alfajiri, tukapanda Uyole hadi Isongole, tukashuka Tukuyu, Kyela, kisha Ipinda hadi Matema. Tulichelewa njiani. Tulipofika ufukweni jua lilikuwa limepanda, na mzee wa boti akasema mwera ungeanza kuvuma mchana na kulichafua ziwa. Nikaamua tuingie haraka, tuutazame wavu bila kuugusa, tupange kazi ya kesho.

Wakati Kaka anafunga mkanda wake nikamuuliza, "Kaka, kilo kumi?"

Akanijibu kwa upole, "Mdogo wangu, baharini natumia nane. Nimeongeza mbili kwa ajili ya maji baridi."

Nikaitikia kwa kichwa. Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba kisa chote, na mimi niliisikia vibaya. Nilipomwambia kwenye simu, wiki mbili kabla, kwamba tutazamia maji baridi, nilimaanisha maji yasiyo na chumvi, kama wanavyosema watu wa uvuvi. Yeye alielewa maji yenye ubaridi. Akaazima suti nene, akaongeza risasi za kuizamisha suti hiyo. Na mimi nilipomsikia akisema amebadilisha uzito kwa ajili ya maji baridi, nikadhani amefanya hesabu ya chumvi. Tulitumia maneno yaleyale mawili, kila mmoja na ziwa lake kichwani.

Ukaguzi wa wawili wawili tuliufanya. Jaketi linajaa, linatoa hewa, vibano vimefungwa, mtungi uko wazi, geji inasoma baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa mtungini). Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Tuliposhuka, Kaka alizama kama jiwe. Nilimwona akishika masikio, akabonyeza kitufe cha kujaza hewa kwa muda mrefu, akasimamia jiwe kwenye mita 6. Tukaendelea. Muda wote miguu yake ilikuwa chini na kifua juu, kama mtu anayepanda ngazi, na kila alipopiga mapezi vumbi la ziwa liliinuka. Kila mita tuliyoshuka ilimlazimu kuongeza hewa. Kwenye mita 12 jaketi lilikuwa limetuna kila upande. Geji yake iliposoma baa 100 mimi nilikuwa na 140, tena tumekaa chini kwa dakika 18 tu.

Hapo ndipo pezi lake la kushoto liliponasa kwenye wavu. Aliinama kulinasua, kichwa chini, matako juu. Dada aliwahi kwa kisu akakata nyuzi mbili. Pezi lilipoachia, Kaka akaanza kupanda akitanguliza kiuno. Akafanya alichofundishwa: akainua bomba la kutolea hewa juu ya kichwa na kubonyeza. Haikutoka hata povu moja la maana, kwa sababu hewa yote ilikuwa imekimbilia sehemu ya chini ya jaketi, iliyokuwa sasa ndiyo juu. Nyuma kiunoni jaketi lile lina valvu ya pili, lakini kamba yake ilikuwa imebanwa chini ya mkanda wa mtungi.

Nilimfikia kwenye mita 7. Nilivuta kamba ya nyuma, haikuja. Nikamshika begani, nikamgeuza asimame wima, nikavuta valvu ya bega. Hewa ikatoka kwa wingi, ila tulikuwa tumeshachelewa. Tulifika juu wote wawili. Kompyuta yangu ilionyesha kwamba kutoka mita 12 hadi juu hatukutumia hata nusu dakika, wakati mwendo tuliokuwa tumepanga ni mita 9 kwa dakika. Jambo moja lililotuokoa ni kwamba Kaka hakuzuia pumzi. Alikuwa akitoa povu njia nzima, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Juu ya maji tatizo halikuisha. Jaketi lililolegea lilimpanda hadi masikioni, uso ukabaki karibu kuzama, na mkanda wa risasi tulioutaka uachiliwe ulikuwa umefunikwa na mkanda wa kiuno wa jaketi. Nilifungua vyote viwili, nikaukabidhi mkanda botini. Mzee aliupokea kwa mkono mmoja, mkono ukashuka. Akaniangalia, akasema, "Chubwi zote hizi, mwanangu, za mtu mmoja?"

## Tulichoamua jioni ile, na sababu

Uamuzi wa kwanza: hakuna kuzamia tena siku ile, wala kesho yake. Kaka hakuwa na maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu wala kubanwa kifua, na kina na muda wetu vilikuwa vidogo. Hata hivyo dalili za ugonjwa wa mgandamizo, unaotokana na naitrojeni mwilini kugeuka mapovu mtu akipanda haraka, zinaweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza. Tuliweka mtungi wa oksijeni wa dharura chumbani kwake, tukamnywesha maji, na tukakubaliana nani atamwamsha usiku kumuuliza hali.

Uamuzi wa pili ulileta ubishi kidogo. Kaka alitaka kurudi Mbeya jioni hiyohiyo akapumzike kwake. Nikakataa. Mtu aliyetoka kuzamia Matema akipanda gari la kwenda Mbeya anatoka mita 475 hadi zaidi ya mita 2,000 pale Isongole ndani ya saa chache. Kwa mwili wenye naitrojeni iliyobaki, safari hiyo ni sawa na kupanda ndege. Kanuni za kusubiri baada ya kuzamia zinahesabu hata milima ya namna hii, si ndege peke yake. Kwa waliozamia mara kadhaa wengi hushauri saa 18 au zaidi, nasi tulijiwekea 24. Ningependa kila anayezamia Nyasa kutokea Mbeya, Tukuyu au Njombe alichukulie hili kwa uzito uleule anaoupa mtungi wake. Kaka alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mdogo wangu. Wewe ndiye kiongozi." Akalala Matema.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kumbakiza kwenye kazi. Dada alipendekeza Kaka abaki botini, na hoja yake ilikuwa na nguvu: karibu na wavu hakuna nafasi ya kujifunza. Mimi niliona kwamba mtu huyu hakukosa ustadi. Alikuwa amevalishwa hesabu isiyo yake. Tukakubaliana: siku ya pili jaketi lipangwe upya na uzito upimwe kwenye maji ya kifuani, na siku ya tatu aelee dakika kumi mbali na wavu mbele ya Dada. Dada ndiye angesema ndiyo au hapana.

Usiku ule tulienda kwa mfanyabiashara wa mchele mwenye mizani, tukapima vile vipande vya risasi. Kila "kilo mbili" ya fundi ilikuwa kilo 2.3. Kaka alikuwa amezamia na kilo 11.5.

## Kwa nini hewa ile ilimpandisha

Niliulizwa swali hili na mjukuu wa mzee, na jibu lililomwingia lilikuwa chupa. Tulipopita Isongole asubuhi, mmoja wetu alimaliza maji, akafunga kizibo, akaitupa chupa chini ya kiti. Tulipofika Ipinda chupa ilikuwa imebonyea mbavu. Hewa iliyofungiwa mlimani ilikuwa imepungua karibu sehemu moja ya tano kwa kushuka tu hadi ziwani. Sasa chupa hiyo ukiishusha mita 10 chini ya maji inabaki nusu, na ukiipandisha inarudi. Jaketi la kuelea ni chupa hiyo iliyovaliwa mgongoni.

Mwenye uzito uliozidi analazimika kuweka hewa nyingi jaketini ili asizame, na hewa hiyo haikai kimya. Kwa makadirio yangu Kaka alikuwa na karibu lita 9 kwenye mita 12: nyingi za kubeba risasi za ziada, nyingine za kufidia suti iliyobanwa na maji na hewa iliyobaki mtungini. Kutoka mita 12 hadi mita 6 za Nyasa, hewa inatanuka kwa karibu asilimia 38. Lita 9 zinakuwa zaidi ya 12, na kila lita ya ziada inamwinua mtu kwa kilo 1. Amepata kilo 3 za kumpandisha bila kubonyeza chochote. Angekuwa na uzito sahihi, hewa yake ingekuwa kama lita 2, na mwendo uleule ungemwongezea kilo isiyotimia, ambayo mtu anaimudu kwa kutoa pumzi na kuvuta kamba kidogo.

Mzee alisikiliza, kisha akaleta mfano wake ambao sikuwa nao. Wavu wa kuelea, alisema, una maboya juu na chubwi chini. Ukizidisha chubwi huwezi kuuponya kwa kuongeza maboya. Utakuwa wavu mzito wenye maboya mengi, na mawimbi yakija kila upande unavuta kivyake. Unapunguza chubwi.

## Kupanga jaketi upya

Siku ya pili mchana tulilitandaza jaketi juu ya turubai, tukaanza mwanzo.

Mtungi kwanza. Mkanda wa jaketi ulikuwa umerekebishwa kwa mtungi wa alumini wa baharini, ambao ni mnene kidogo kuliko ule wa chuma aliokodi. Jana yake tuliufunga ukiwa mkavu, ukaonekana umekaza. Majini utepe ulilowa, ukalegea, mtungi ukateleza chini na kumvutia miguu. Safari hii tuliulowesha kabisa, tukapitisha utepe upya kwenye kibano chake, tukafunga, kisha nikaliinua jaketi lote kwa kishikio chake na kulitikisa. Mtungi haukusogea. Tuliupandisha pia juu, hadi shingo yake ikalingana na ukosi wa jaketi, huku Kaka akiinua kichwa kuhakikisha hagongi valvu.

Kisha kamba za valvu. Kila kamba tuliitoa ilikobanwa, tukaivuta ikiwa na jaketi lililojaa, moja baada ya nyingine, bega na kiuno. Nilimtaka Kaka azivute akiwa amefumba macho. Ile ya kiunoni hakuwahi kuigusa tangu alinunue jaketi; lile alilofunzia halikuwa nayo. Akairudia mara kumi hivi.

Halafu tukalijaza hadi valvu ya usalama ikapumua yenyewe, tukaliacha kwa dakika kumi na tano. Lilibaki gumu. Kitufe cha kujaza tulikibonyeza kwa kugusagusa, tukasikiliza kama kinaacha kupuliza kila kidole kinapotoka. Kilikuwa kizima.

Mavazi yalituchukua muda mrefu zaidi. Jaketi linapimwa juu ya suti utakayozamia nayo, si juu ya fulana. Tulilegeza mikanda yote, Kaka akavaa, tukaanza na mkanda wa kiuno ukakaa juu ya nyonga, ndipo tukavuta wa mabega, na wa kifua mwisho kabisa, usikazwe hadi kubana pumzi. Wengi huanza na mabega. Jaketi linaning'inia mabegani na kiuno kinabaki wazi. Tukalijaza likiwa mwilini. Bado lilipanda, lakini sasa lilifika kidevuni, halikuziba masikio. Zaidi ya hapo saizi ilikataa.

Mkanda wa risasi ulivaliwa kwa namna ya kuanguka moja kwa moja ukifunguliwa, hakuna kitu juu yake.

## Kutafuta kilo sahihi

Kipimo ni rahisi, nami najilaumu kwamba hatukukifanya siku ya kwanza, kwa maana kingetuchukua robo saa. Unasimama kwenye maji ya kina kidogo ukiwa na vifaa vyote, mtungi uwe na karibu baa 50, kwa sababu mwisho wa kuzamia ndipo mtu anapokuwa mwepesi zaidi. Unatoa hewa yote jaketini, unavuta pumzi ya kawaida na kuishikilia kidogo, unakunja miguu isiguse chini. Maji yakikufika usawa wa macho, na ukitoa pumzi ukazama taratibu, umefika. Ukiwa na mtungi uliojaa, kipimo kitakudanganya: hewa ya mtungi wa lita 12 wenye baa 200 ina uzito wa karibu kilo 3, na nyingi ya hizo utakuwa umezipumua kufikia mwisho wa kuzamia.

Kwa vipande vinne Kaka alitua mchangani kama nguzo. Kwa vitatu vilevile. Kwa viwili maji yalimfika juu ya paji la uso. Kwa kimoja alielea, maji kidevuni, na alipotoa pumzi hakuzama. Tukaongeza vipande vidogo tulivyovipima kwa mizani ya mchele hadi macho yake yakakata uso wa maji. Jumla: kilo 4.

Kaka alisimama pale majini kimya. "Nne?" akauliza. Nikamwambia, "Nne, Kaka." Akasema turudie. Tukarudia, ikawa nne.

Jioni tuliketi kuitafuta njia ya kutoka 11.5 hadi 4, nasi tukaipata kwa karibu sana. Maji ya bahari yana uzito wa karibu kilo 1.025 kwa lita, ya ziwa kilo 1. Kaka na mizigo yake yote walikaribia kilo 100, kwa hiyo kwa kuacha chumvi alipaswa kupunguza kilo 2.5. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huelea na unahitaji risasi za kuushikilia. Wa chuma hubaki mzito. Tofauti yao, mwisho wa kuzamia, ni kama kilo 2.5 nyingine. Kilo 1.5 zilikuwa za fundi. Kilo 1 ilikuwa ya tangu baharini, mazoea ya kozi ya kwanza, mwanafunzi anapoongezewa risasi ashuke bila taabu. Zinakuwa 7.5.

Na zile kilo 2 alizoongeza? Ajabu ni kwamba hizo ndizo zilizokuwa halali. Suti ya milimita 5 ilizihitaji kweli. Kaka alifanya rekebisho moja sahihi akayakosa manne, na la chumvi sababu yake ni lile neno, maji baridi.

Mahali pa risasi napo palihitaji kuangaliwa. Kilo 4 zote zikiwa kiunoni, miguu ilishuka tena polepole. Tulihamisha kilo 1.5 hadi kwenye mkanda wa juu wa mtungi, kati ya mabega, akalala mlalo wa samaki bila kupiga pezi.

## Siku ya tatu

Dada alimchukua pembeni, kwenye mita 6, mbali na wavu. Dakika kumi zilipita Kaka akining'inia mbele ya jiwe moja, akipanda kidogo anapovuta pumzi na kushuka anapoitoa, mikono imekunjwa kifuani. Samaki wadogo wa mawe, wale wa rangi ya samawati, walirudi kula mbele ya uso wake. Dada akaonyesha alama ya sawa.

Tukaenda kwenye wavu. Tulikata vipande viwili vikubwa, tukavipandisha kwa mfuko wa kuinulia, mzee akavivuta botini. Kaka alikata kwa mikono miwili na hakugusa jiwe. Tulikaa dakika 34, akapanda na baa 80. Kwenye mita 5, kituo cha mwisho kabla ya kutoka majini, alisimama dakika tatu bila kushika kamba ya boya. Tulilala Matema usiku huo pia, na hakuna aliyepata dalili yoyote hadi tulipofika Mbeya.

Sehemu ya wavu iliyoko chini ya mita 13 hatukuimaliza. Mwera ulikuwa umeanza mapema.

## Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa langu, nalo lilifanyika nchi kavu. Niliuliza swali linaloanza na idadi, nikapewa idadi. Daftari la Kaka lilisema "kilo 8" kila ukurasa, na mimi nililichukua kama saizi ya kiatu, kitu cha mtu mwenyewe. Kilo za risasi ni za mkusanyiko: maji gani, mtungi gani, suti gani, mwili wa mwaka gani. Kimoja kikibadilika, namba ya jana haina kazi. Swali langu sasa ni: "Kilo hizo ulizitumia wapi, na mtungi gani, na suti gani?" Na siku hizi nasema "maji yasiyo na chumvi", hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Heshima nayo ilichangia, na sioni vizuri kuificha. Kumwambia kaka mkubwa aliyekuzidi umri, mbele ya watu, kwamba mkanda wake una kasoro, ni jambo ambalo malezi yetu yanakufanya ulizungushe. Nilipozungusha nilifika kwenye kuitikia kwa kichwa. Kipimo cha maji ya kifuani kina faida hii pia: hakuna anayemkosoa mwenzake. Mimi hupima wa kwanza, Dada wa pili, na yeyote aliyekuja nasi wa tatu. Maji yanasema yenyewe.

Ukaguzi wa wawili wawili ulitupa utulivu ambao hatukuustahili. Ulithibitisha kwamba valvu inatoa hewa tukiwa tumesimama ufukweni. Haukuuliza kama hewa itatoka mtu akiwa kichwa chini, wala kama kamba ya nyuma inafikika. Tangu hapo kila valvu tunaivuta kwa kamba yake, na mwenye jaketi ndiye anayeivuta.

Kilichofanya kazi ni ukaribu. Dada alikuwa umbali wa mkono, kisu chake kiko kifuani. Nami sikuwa mbali. Laiti tungetawanyika kuutazama wavu kila mtu upande wake, nisingemfikia kwenye mita 7. Kusubiri saa 24 kulitugharimu siku nzima na fedha ya boti, na ningefanya vilevile kesho.

Wako walimu wanaosema ni heri mzamiaji mgeni awe mzito kidogo, ashuke kwa urahisi na asielee kwenye kituo cha mwisho. Naielewa hofu yao, maana anayeelea kwenye mita 5 na mtungi mwepesi naye yuko hatarini. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kupima kwa baa 50, ambako kituo cha mwisho kimeshahesabiwa. Kilo za "kwa usalama" zinamfanya mtu abebe hewa ya kuzibeba, na hewa hiyo ndiyo iliyompandisha Kaka. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye wavu mimi sikubali hata kilo 1 isiyo na sababu.

## Yaliyobaki

Jaketi bado ni kubwa. Tulilibana kadiri lilivyokubali, na kwa maji tulivu linatosha, lakini juu ya maji yenye mawimbi litampanda tena. Kaka ameacha kulitumia ziwani na anatafuta saizi ya kati. Vile vipande vya fundi tumeviandika uzito wake halisi kwa rangi nyeupe, kimoja kimoja: 2.3.

Daftarini mwake ukurasa wa siku ile ya tatu ameuandika kwa mkono wake: "Matema, Ziwa Nyasa. Hakuna chumvi. Mtungi wa chuma lita 12, suti milimita 5. Kilo 4 za mizani, 2.5 kiunoni, 1.5 mtungini."